Usukani wa simuleta wa bei ghali: pesa inakwenda wapi

Ukifungua duka lolote la mtandaoni linalouza vifaa vya mbio za magari za kuigiza, kitu cha kwanza kinachokukaribisha ni namba ya nguvu ya mota inayozungusha usukani, kwa nyutoni-mita (Nm). 5 Nm. 9 Nm. 12 Nm. 25 Nm. Namba ikipanda na bei inapanda, na mnunuzi mgeni huishia kwenye hesabu ile ile: kubwa ndiyo bora, basi ngoja nichukue kubwa kuliko zote nitakayoimudu. Muuzaji hana sababu ya kumzuia. Ila ukikaa na watu waliozama kwenye mchezo huu utakuta jambo la ajabu kidogo. Wapo wenye mota ya 20 Nm ambao wameibana ndani ya programu yake ili kwenye kona itoe nane au tisa tu. Walilipia ishirini, wanaendesha kwa nane, na hawajutii hata senti. Ukielewa kwa nini wanafanya hivyo, umeshaelewa zaidi ya nusu ya suala zima.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Simuleta ni gemu inayojaribu kukokotoa kwa fizikia namna gari linavyofanya barabarani, si kukufurahisha tu kwa kasi. iRacing iliyoanza 2008, Assetto Corsa Competizione ya 2019, Gran Turismo 7 ya 2022 na EA Sports WRC ya 2023 ndizo zinazotajwa sana. Kifaa cha kuziendeshea kina sehemu tatu ambazo, kwenye daraja la juu, huuzwa moja moja: mota, yaani lile boksi zito linalofungwa mezani au kwenye fremu, usukani wenyewe, yaani kile unachoshika, na pedeli. Wageni hushtukia hapa. Kampuni ya Fanatec ilipotoa mota yake ya CSL DD mwaka 2021 kwa takriban dola 350, bei hiyo ilitikisa soko zima. Lakini dola 350 zilikuwa za boksi tupu. Usukani bei yake, pedeli bei yake, na ukitaka nguvu ipande kutoka 5 Nm hadi 8 Nm, adapta kubwa ya umeme nayo bei yake.

Kazi ya mota ni kurudisha nguvu. Gemu inakokotoa jinsi matairi ya mbele yangeuvuta usukani wa gari halisi, inatuma hesabu hiyo kwenye mota, na mota inaisukuma mikononi mwako. Miaka mingi mota hizo zilikuwa ndogo, na ili ziwe na nguvu ya kutosha ziliungwa na usukani kwa meno ya gia. Ndivyo ilivyokuwa Logitech G25 ya 2006, na ndivyo ilivyo G29 ya 2015 ambayo bado inauzwa na bado inafundisha watu wengi. Inatoa zaidi kidogo ya 2 Nm. Udhaifu wake unausikia mara moja: kuna upenyo mdogo kati ya jino na jino, kwa hiyo katikati kabisa usukani unacheza bila kufanya lolote, na ukipita kwenye njia mbaya meno yanagongana kwa kelele. Baadaye ukaja mkanda, kama kwenye Thrustmaster T300RS yenye karibu 4 Nm. Mkanda ni mlaini na mtulivu. Tatizo lake ni kwamba mpira unameza mitetemo midogo, na mitetemo midogo ndiyo habari yenyewe.

Dairekti draivu, ambayo ndiyo maana halisi ya "bei ghali" siku hizi, imeondoa kila kitu katikati. Ekseli ya mota ndiyo ekseli ya usukani. Mota yenyewe ni kubwa, aina ile ile inayozungusha mashine za viwandani, na kwa sababu haina gia wala mkanda, inachoambiwa na gemu ndicho kinachofika mkononi. Kwa hiyo hata dairekti draivu ndogo ya 5 Nm inashinda mashine ya mkanda kwa tofauti kubwa kuliko ile nyutoni-mita moja inayoonekana kwenye karatasi.

Namba ile inasema nini

Nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na mkono wako hausikii nyutoni-mita. Unasikia mvuto kwenye ukingo wa usukani, na mvuto huo unategemea upana wa usukani. Mota ya 10 Nm ikiwa na usukani wa sentimita 30 inakuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 7. Weka usukani wa sentimita 35 kwenye mota hiyo hiyo, inashuka chini ya kilo 6. Kwa hiyo watu wawili wenye mota moja wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu uzito wake na wote wakawa wakweli. Na ukipanda hadi 25 Nm kwenye usukani wa sentimita 30, hizo ni kilo 17, zinazokuja kwa ghafla, mara kushoto mara kulia, kwa muda wote wa mashindano.

Nani anahitaji kilo 17? Hapo turudi kwenye tairi.

Tairi la mbele linapokata kona, sehemu ya mpira inayogusa lami inajipinda kidogo, na msukumo wa lami hauangukii katikati kabisa ya tairi bali nyuma yake kidogo. Umbali huo mdogo ndio unaoufanya usukani utake kurudi katikati, na ndiyo maana kona ikikaza usukani unakuwa mzito. Lakini tairi likikaribia kushindwa, sehemu ya nyuma ya ule mguso huanza kuteleza kabla ya sehemu ya mbele. Kitovu cha msukumo kinasogea mbele, ule umbali unapungua, na usukani unaanza kulegea wakati tairi lenyewe bado lina mshiko kidogo uliobaki. Dereva mzoefu anaishi kwenye nafasi hiyo. Usukani ukilegea kidogo anajua kwamba akiongeza hata nyuzi mbili gari litakataa kona na kwenda moja kwa moja. Hajaona chochote kwenye skrini bado. Ameambiwa na mikono.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gemu imekokotoa kwamba katika kona ndefu ya kasi usukani wa gari lile ungekuwa na 14 Nm, na tairi likianza kuteleza zingeshuka hadi 11. Una mota ya 5 Nm na umeiambia itoe kila kitu kama kilivyo. Itatoa 5. Tairi linateleza, gemu inaagiza 11, mota bado inatoa 5, kwa sababu ndio mwisho wake. Ile habari uliyoilipia, ya usukani kulegea, haikufika. Wenyewe huita hali hii klipingi: vilele vyote vimekatwa vikawa sawa. Ni kama redio ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Sauti ni kubwa kweli, lakini huwezi tena kutofautisha ngoma na gitaa.

Unaweza kuiepuka kwa kupunguza kila kitu kwa uwiano, ili 14 ya gemu iwe 5 ya mota. Basi 11 inakuwa karibu 3.9, na unasikia tofauti. Lakini vile vitu vidogo, mkwaruzo wa ukingo wa njia, gurudumu moja kupita kwenye mchanga, ambavyo kwenye gari vingekuwa nusu nyutoni-mita, sasa vimeshuka hadi chini ya 0.2. Hapo vinazama ndani ya msuguano wa mota na ngozi ya kiganja. Umeokoa kelele, umepoteza mnong'ono.

Sasa chukua mota ya 20 Nm. Mwenye nayo anaweka kona ile ndefu iwe 8, kwa sababu 8 ndiyo inayomfaa mikono yake kwa saa nzima. Tofauti ni kwamba gurudumu likigonga ukingo na gemu ikaagiza kishindo cha ghafla juu ya ile 8, mota ina pa kwenda. Inapanda hadi 13 au 15 kwa sehemu chache za elfu za sekunde kisha inarudi, na umbo la kishindo linafika likiwa zima. Haijafika ukomo, haijapata joto, na kwa kuwa ina akiba inabadilisha mwelekeo haraka. Hicho ndicho wale watu wa mwanzo walichonunua.

Faida hii lakini haiendelei kupanda milele. Kutoka 2 Nm ya gia hadi 5 Nm ya dairekti draivu ni kama dunia nyingine. Kutoka 5 hadi 8 au 9 ni hatua kubwa inayostahili pesa yake. Kutoka 9 hadi 12 au 15 unaisikia ukiwa makini. Kutoka 15 hadi 25 au 32 ya Simucube 2 Ultimate, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 3,000, mimi naona ni raha ya mtu aliyeshamaliza mambo mengine yote. Msimamo wangu ni kwamba kwa mtu anayejenga nyumbani kwa pesa yake, kati ya 8 na 12 Nm ndipo akili ilipo.

Wapo watakaosema wanataka uhalisia, na gari halisi la mashindano lina usukani mzito. Gari lipi? Magari ya IndyCar hayana pawa stelingi, na ya Formula 2 hayana pia. Madereva wake wanajenga mabega kwa ajili hiyo. Lakini Formula 1 wanayo, na magari ya GT3, yaani magari ya michezo ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano, ambayo ndiyo wengi wetu tunayaendesha kwenye simuleta, yanayo. Ukitafuta uhalisia wa GT3 kwa mota ya 25 Nm iliyofunguliwa yote umeupita uhalisia zamani.

Kuna namba nyingine kwenye matangazo ambazo sitazikalia sana. Enkoda, yaani kile kinachosoma usukani umezungushwa kiasi gani, ikiwa ya biti 16 tayari inagawa mzunguko mmoja katika hatua 65,536. Kila hatua ni kama sehemu 5 za elfu za nyuzi moja. Mkono wa binadamu haufiki huko. Vivyo hivyo kwa mota inayojisifu kusasisha nguvu mara maelfu kwa sekunde: iRacing kwa kawaida hutuma ujumbe mara 60 kwa sekunde, na ina njia ya kutuma 360. Katikati ya ujumbe mmoja na mwingine, programu ya mota ndiyo inayobuni cha kujazia. Kwa hiyo ubora wa programu hiyo, jinsi inavyolainisha bila kufuta, una maana kuliko namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Na hilo halionekani kwenye tangazo. Linaonekana kwa kusoma watumiaji wa muda mrefu wanavyosema baada ya mwaka.

Kabla ya mota, utaifunga wapi?

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Mtu amenunua mota ya 12 Nm, kaifunga kwenye meza ya kusomea ya mbao za kubandika. Mota ikivuta, meza inatikisika, skrini inacheza, na sehemu kubwa ya zile nyutoni-mita inaishia kwenye mbao badala ya mikononi. Meza imara yenye vibano vizuri inavumilia 5 Nm, pengine 8 ukiwa mpole. Zaidi ya hapo unahitaji fremu yenye kiti chake.

Ulaya na Marekani fremu hizi hutengenezwa kwa vipande vya alumini vyenye mifereji, milimita 40 kwa 80 au 40 kwa 160, vinavyofungwa kwa bolti. Ni vizuri mno kwa sababu unaweza kusogeza kila kitu, lakini kuvisafirisha hadi Mombasa au Mwanza kunaweza kukaribia bei ya mota. Sisi tuna njia nyingine. Fundi wa kuchomelea wa Kamukunji au Gerezani, ukimpelekea mchoro wenye vipimo, atakutengenezea fremu ya mabomba ya mraba ambayo haitikisiki hata kwa 20 Nm. Muhimu ni kumwambia mambo matatu ambayo hatayajua mwenyewe: sahani ya kufungia mota iweze kupanda na kushuka, sahani ya pedeli iweze kusogea mbele na nyuma, na mihimili inayobeba pedeli iwe minene kuliko ile ya kiti. Kiti kinatoka kwa wauza spea za magari yaliyotumika. Mtu wa kupaka rangi mpeleke mwisho, baada ya kukaa na kuendesha wiki kadhaa, maana lazima kuna tundu utakalotaka kulihamisha.

Kwa nini mihimili ya pedeli iwe minene? Kwa sababu ya breki, na breki ndiyo sehemu ninayoipigania kila nikiulizwa ushauri.

Pedeli za bei rahisi hupima umbali: umekanyaga sentimita ngapi. Gari halisi halifanyi hivyo. Breki yake inasikiliza umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Pedeli zenye lodi seli zina kipima-uzito ndani, kwa hiyo mguu wako unajifunza nguvu badala ya umbali, na misuli ya mguu inakumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko inavyokumbuka umbali. Ukiwa na dola 800 na ukajiuliza uzigawe vipi, chukua mota ndogo na pedeli za lodi seli, usichukue mota kubwa na pedeli za plastiki. Muda wa mzunguko hupatikana kwenye breki: unafunga wapi, unaachia vipi ukiingia kona. Mota kubwa itakufanya utabasamu. Pedeli nzuri itakufanya uwe na kasi. Ila lodi seli huhitaji kukanyagwa kwa makumi ya kilo, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu atajikuta anarudi ukutani kila kona.

PlayStation, Xbox au kompyuta

Hili linaonekana dogo na ndilo linalowaacha watu na boksi wasiloweza kulitumia. Kwenye kompyuta mambo ni huru: mota inaingia kwenye USB yake, pedeli za kampuni nyingine kwenye USB nyingine, breki ya mkono ya kampuni ya tatu kwenye ya tatu, na gemu za kompyuta hukubali zote kwa pamoja. Kwenye konsoli kila kitu lazima kipite kwenye mota, na mota lazima iwe na leseni ya Sony au Microsoft. Kompyuta kwa hiyo inakupa uhuru wa kununua kidogo kidogo kutoka popote. Konsoli inakufunga kwa kampuni moja.

Na leseni zenyewe hukaa mahali pa ajabu. Kwa Fanatec, leseni ya PlayStation imo ndani ya mota, na ya Xbox imo ndani ya usukani. Maana yake ni kwamba CSL DD ya kawaida ukiivisha usukani wenye alama ya Xbox itafanya kazi kwenye Xbox, lakini hakuna usukani utakaoifanya ikubalike kwenye PlayStation. Kwa hilo utahitaji mota kama Gran Turismo DD Pro, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Logitech G Pro ya 11 Nm, iliyotoka 2022, iliuzwa kwa matoleo mawili, moja la PlayStation na moja la Xbox, yote yakikubali kompyuta. Simucube 2 ya Finland ni ya kompyuta peke yake. Ukinunua kitu kilichotumika, muulize muuzaji jina kamili la toleo na utake picha ya kibandiko cha chini, si picha ya usukani unaong'aa.

Kufungwa kwa kampuni moja kuna hatari nyingine. Endor AG ya Landshut, Ujerumani, iliyomiliki Fanatec, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2024, na Corsair ya Marekani ikaja kuinunua mwaka huo huo. Jina limeendelea kuwepo. Lakini mtu mwenye mota, sukani mbili na pedeli za kampuni moja, akisikia kampuni hiyo imefilisika, lazima ajiulize programu mpya na vipuri vitatoka wapi. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kinachoweza kuishi bila mtengenezaji wake: usukani unaounganishwa kwa USB, kama wanavyotengeneza Cube Controls na Ascher Racing, utafanya kazi kwenye kompyuta ukiwa umefungwa kwenye mota ya kampuni yoyote, ilimradi upate kiunganishi cha kuufungia.

Kiunganishi hicho nacho kina desturi zake. Sukani halisi za mashindano za MOMO, Sparco na OMP hufungwa kwa bolti sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 70, na watengenezaji wengi wa simuleta wamefuata kipimo hicho. Nardi hutumia milimita 74, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia uzuri. Kufungia kwa haraka, yaani kile kifungio kinachokuruhusu kung'oa usukani mmoja na kuweka mwingine kwa sekunde, hutofautiana kwa kila kampuni, na ndiyo sehemu ya kuijaribu kwa mkono kama unapata nafasi. Ushike usukani juu na chini, uutikise. Ukicheza hata kidogo, kila kitu kilichotangulia kwenye makala hii kinapungua thamani.

Usukani wenyewe

Umbo linafuata gari. Wa Formula ni mdogo, sentimita 27 hadi 29, umekatwa juu na chini, kwa sababu dereva hazungushi zaidi ya nusu duara kila upande. Wa GT ni sentimita 30 hadi 32. Kwa rali na drifti unataka duara kamili la sentimita 33 hadi 35, na hilo si suala la urembo. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, na njia za Kenya zimo kwenye EA Sports WRC, na yeyote aliyejaribu kuzipita kwa usukani wa Formula anajua anachokitafuta mkono wakati gari limeshageuka ubavu: anatafuta ukingo ambao haupo. Kwenye vumbi unauachia usukani ujizungushe wenyewe kisha unaudaka. Duara kamili unalidaka popote.

Vifungo vingi, skrini katikati, taa za gia, vijiti viwili vya klachi. Vyote vinapendeza na vyote vina uzito. Uzito huo ndio usiotajwa. Usukani mzito ni vigumu kuuanzisha na vigumu kuusimamisha, kwa hiyo ukiuweka kwenye mota ya 5 au 8 Nm unameza ile mitetemo midogo ambayo ulikimbia mkanda kwa ajili yake. Mota ndogo ivishe usukani mwepesi. Skrini iweke nyuma ya usukani, kwenye fremu, mahali ambapo haizunguki.

Kuhusu kifuniko, ngozi huvumilia. Swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi laini, ni nzuri mkononi lakini hunyonya jasho na mafuta, na kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na kiyoyozi chumbani itang'aa kama kiti cha daladala kabla ya mwaka kuisha, asipovaa glavu.

Umeme, forodha na siku ya kwanza

Adapta nyingi za mota hizi hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu si tatizo, kasoro plagi. Mota ya 8 Nm ya CSL DD hutumia adapta ya wati 180 na kwa wastani inakula pungufu ya hapo sana, hivyo inveta ya kawaida ya nyumbani inaimudu pamoja na kompyuta kama si kubwa. Umeme ukikatika mota hulegea papo hapo. Haitakudhuru, itakupotezea tu mashindano.

Kwa wanaoagiza nje, kumbuka kwamba VAT, 16% Kenya na 18% Tanzania Bara na Uganda, haipigwi juu ya bei ya dukani peke yake. Inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru wa forodha vikiwa vimejumlishwa. Mota ni chuma na sumaku, ni nzito, usafiri wake si wa kubeza, na ikiharibika ndani ya udhamini huenda ukatakiwa kulipia safari ya kuirudisha. Ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia toleo jipya kabisa. Mota iliyokaa sokoni miaka miwili, ambayo magonjwa yake yameshajulikana na programu yake imeshatulia, ni ununuzi salama kuliko ile iliyozinduliwa mwezi jana.

Siku ya kwanza usiifungue yote. Anza na theluthi moja ya nguvu, weka vidole gumba juu ya ukingo badala ya kuviingiza ndani ya miguu ya usukani, na gari likigonga ukuta, achia. Usukani wa mota ya 20 Nm ukirudi kwa kasi unaweza kuvunja kidole, na kitufe chekundu cha dharura ambacho mota kubwa huja nacho kiwekwe mahali goti au mkono utakifikia bila kutafuta. Watoto wasiachwe nayo ikiwa imewashwa.

Kisha uendeshe mizunguko mitano kwa gari moja, njia moja. iRacing ina kitufe cha kupanga nguvu yenyewe baada ya kukuangalia ukiendesha. Assetto Corsa inaonyesha ukanda unaogeuka mwekundu nguvu inapokatwa. Ukiona mwekundu kwenye kona ndefu, punguza. Ukiuona kwa kufumba na kufumbua tu unapogonga ukingo wa njia, uko pazuri. Ukibadilisha gari, rudia, kwa sababu kila gari lina uzito wake wa usukani na mpangilio wa jana wa GT3 utakuwa mwepesi mno au mzito mno leo kwenye gari la rali.